Tathmini ya Hatari: Hatari ya Nani?

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Makongeni, Thika, alikuwa aende kupasuliwa ngiri. Daktari akamwambia kwanza atafanyiwa "tathmini ya hatari". Alirudi nyumbani uso umemshuka. Neno "hatari" yeye amelizoea kwenye transfoma, pamoja na fuvu na mifupa miwili.

Simlaumu. Hatari yetu ni jambo lililokwisha fika: waya umekatika, nyoka yuko mlangoni. Hatari ya madaktari ni kadirio, tena lina ngazi. Mfumo wao maarufu, ulioanzia Marekani mwaka 1941, humpa mgonjwa daraja. Wa la 1 ni mzima wa afya. Wa la 2 ana, tuseme, presha iliyodhibitiwa. Wa la 5 hatarajiwi kupona asipopasuliwa. Lipo na la 6, la aliyekufa ubongo na viungo vyake vinatolewa wapewe wengine. Hilo sikumtajia mzee.

Kazi yenyewe haitishi. Alipimwa presha na sukari. Akaulizwa anameza dawa gani, za miti shamba zikiwemo. Kama kuna wa ukoo wake aliyewahi kusumbuliwa na nusukaputi. Kama hupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kuvuta pumzi. Akaachama, akatoa ulimi, ionekane kama mpira wa kupumulia utapita bila taabu. Jino lake lililolegea nalo likaandikwa.

Kwa hiyo, badala ya "tathmini ya hatari", nilikuwa nikipendelea "kupima uhimilivu wa mgonjwa". Mzee mwenyewe alisema ameenda "kuangaliwa kama yuko fiti", na maana ni ile ile.

Ila uhimilivu humtwika mgonjwa mzigo wote. Utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliochapishwa 2018, ulikuta wagonjwa wetu wa upasuaji ni vijana zaidi na hatari yao ni ndogo kuliko wastani wa dunia, lakini asilimia 2.1 walikufa, mara mbili ya wastani huo. Wengi wa hao walikufa siku ya upasuaji ikiwa imeshapita. Madaraja ya mfumo ule hayaulizi zamu ya usiku ina wauguzi wangapi. Basi "hatari" ibaki, lakini isemwe "kiwango cha hatari", na ielezwe ni cha nani: cha mwili au cha wodi.

Mzee aliandikiwa daraja la 3, presha ilikuwa haijatulia, tarehe ikasogezwa. Akaniuliza kama ni sawa na darasa la tatu, kwamba mwakani atapanda. Nikamwambia hapa tunaomba ashuke.