Kodi Ilitangulia Katiba: Uraia wa Mpakani, Merikit

Watu wanapozungumzia haki na wajibu wa raia, huanzia kwenye katiba, kana kwamba kabla yake hakuna aliyedai wala kudaiwa. Historia ya Merikit, gombolola ya wilaya ya Tororo nchini Uganda ambayo wenyeji wake wengi ni Iteso wenye ndugu zao ng'ambo ya Malaba, Amagoro na Amukura upande wa Kenya, inasema vingine. Huku wajibu ulifika kwanza, na ulikuja na daftari na askari. Haki zilifuata baada ya zaidi ya nusu karne. Hoja yangu ni kwamba mfuatano huo haujafutika: katiba za leo zimeupindua kwa maneno, lakini mbele ya dawati la serikali mtu wa mpakani bado anatakiwa kuthibitisha kwanza kuwa anajulikana, ndipo asikilizwe anachodai.

Mpaka wenyewe haukuchorwa kwa ajili ya watu wanaokaa juu yake. Kabla ya 1902 Uganda ya Waingereza ilienea mashariki hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Mkoa wa Mashariki ukahamishiwa utawala wa jirani, ambao baadaye uliitwa Kenya, na jamii zilizokuwa zikilima na kuchunga pande zote za mto Malaba zikajikuta chini ya serikali mbili. Upande wa Uganda, Semei Kakungulu na watu wake kutoka Buganda walikuwa wamekwisha kueneza huko Bukedi, eneo lililojumuisha Tororo ya leo, ngazi ya utawala wa Kiganda: saza, chini yake gombolola, na chini ya hiyo muluka. Kazi ya kwanza ya ngazi hiyo, hata kabla ya barabara na pamba, ilikuwa kuhesabu watu na kuwatoza kodi. Upande wa Kenya kulikuwa na kodi ya nyumba, kisha kipande, kilichopitishwa kisheria mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu 1920. Mwanamume Mwafrika alitembea nacho ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Tazama mpangilio huo: dola ilimjua mtu kwa jina, kabila, kijiji na mwajiri wake miongo kadhaa kabla ya kumpa kura. Kwa lugha ya sheria, wa upande wa Uganda hakuwa raia hata kidogo, bali mtu aliye chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kodi alilipa.

Ushahidi mzito zaidi uko Januari 1960. Katika wilaya ya Bukedi, ambayo ndani yake zilikuwamo Tororo na Busia ya Uganda za leo, wananchi waliinuka dhidi ya machifu wao. Chanzo kilikuwa kodi mpya ya miaka ya 1950, iliyotozwa kwa kiwango kilichopimwa kulingana na mali ya kila mwanamume. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko ile ya zamani, kwa sababu tajiri angelipa zaidi ya maskini. Lakini nani alipima? Kamati za kijijini chini ya machifu. Zilitazama ng'ombe wa mtu, shamba lake la pamba, baiskeli yake, kisha zikampangia daraja. Aliyeelewana na chifu alishushwa, na aliyekosana naye alipandishwa. Nyumba za machifu zilishambuliwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Waliofanya ghasia hizo wameelezwa mara nyingi kama wakulima waliochukia kodi. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Ukichunguza malalamiko yao utakuta mambo ambayo mwanasheria angeyatambua mara moja: kutopimwa kwa upendeleo, kupata pa kukata rufaa, kutawaliwa na mtu anayeweza kuwajibishwa. Walikuwa wakidai haki kwa kutumia wajibu wao kama msingi wa madai, miaka miwili kabla Uganda haijapata katiba ya uhuru yenye sura ya haki za msingi.

Mtu anaweza kupinga kwamba hali hiyo ilikuwa ya makoloni yote, na Merikit haina cha pekee. Ni kweli kodi ilitangulia kura kila mahali. Tofauti ya mpakani ni kwamba mtu angeweza kuikimbia kodi. Mtozaji akija, njia za panya zipo na shemeji yuko ng'ambo. Kwa sababu hiyo, stakabadhi ya kodi ikapata uzito kuliko kwingineko: ilikuwa uthibitisho kwamba mtu ni wa huku na si wa kule. Hata baada ya uhuru, wanaume wa Uganda waliendelea kusimamishwa vizuizini waonyeshe tiketi ya kodi, na wengine kulala vinamasini ili wasikamatwe, mpaka kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2005. Kwa miaka mingi kikaratasi hicho ndicho kilichokuwa kitambulisho cha raia wa kawaida.

Katiba ya Uganda ya 1995 ilikusudia kuuvunja mpangilio huo. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi nzima ikipokea maoni zaidi ya 25,000, na Ibara ya 20 ikatamka kwamba haki za msingi ni za asili na hazitolewi na dola. Ibara ya 17, hata hivyo, inaorodhesha wajibu kumi wa raia, kuanzia kuheshimu bendera na wimbo wa taifa, kulipa kodi, kujiandikisha kupiga kura, hadi kupambana na rushwa. Ng'ambo ya mto, Katiba ya Kenya ya 2010 ina sura ndefu ya haki, lakini haina orodha ya wajibu wa raia ya namna hiyo. Inamtaka kila mtu aiheshimu na kuilinda katiba, na Ibara ya 12 inazungumzia stahili za raia. Wapo watakaosema Uganda imefanya vyema, kwamba haki bila wajibu huzaa raia wa kudai tu. Kwa Kampala huenda. Kwa mkulima ambaye babu yake alijua serikali kwa tiketi ya kodi, orodha ya wajibu haimfundishi jambo jipya. Jipya kwake ni Ibara ya 20, na hiyo ndiyo isiyosomwa mikutanoni.

Kuna jingine ambalo katiba ya Uganda ililiacha palepale. Ibara ya 10 inampa uraia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi au babu na bibi zake alikuwa wa jamii asilia zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, zikiwemo Iteso. Tarehe hiyo ni ya mpaka uliowekwa kwa amri ya London. Wanaoitetea wana hoja: dola lazima ianzie mahali, na bila mstari hakuna wa kumdai haki. Nakubali. Ni kweli serikali zimeutumia mstari huo vibaya mara kwa mara: mwaka 1970 Rais Obote wa Uganda aliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na mwaka 1976 Idi Amin akaichukua ramani ya kabla ya 1902 kudai sehemu ya magharibi ya Kenya. Makosa ya watawala hayafanyi mstari kuwa wa bure. Lakini soma ibara kwa makini. Inataja jamii iliyokuwa ndani ya mipaka. Haisemi kwamba babu mwenyewe alilala upande huu usiku wa tarehe hiyo. Mtoto wa Kiteso aliyezaliwa hospitali ya Tororo, babu yake akiwa wa Amukura, ana hoja nzuri ya kuwa raia wa Uganda, na ikiwa mzazi wake ni Mkenya, ni raia wa Kenya pia. Tangu Uganda ilipofungua uraia pacha kwa marekebisho ya 2005, na Kenya 2010, hakuna sababu ya kumwona mdanganyifu kwa kuwa na pande mbili.

Ila akienda kuandikishwa, ataulizwa barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vitambulisho vya wazazi, majina ya ukoo, na lafudhi yake itasikilizwa. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, vimepunguza foleni za wafanyabiashara na malori. Havijagusa swali la nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Ikiwa haki hazitolewi na dola, kama Ibara ya 20 inavyosema, basi anayemkatalia mtoto yule uraia ndiye mwenye kueleza kwa nini. Merikit bado mambo yanakwenda kinyume: anayeeleza ni mwenye kuomba, kama babu yake mbele ya kamati ya kodi.