Kujikinga dhidi ya dubu kambini

Kujikinga dhidi ya dubu kambini ni jumla ya hatua ambazo watu wanaolala porini huchukua ili dubu asivutwe na kambi yao, na ili wajue la kufanya iwapo atafika. Hatua hizo hufundishwa zaidi Marekani na Kanada, ambako watu wengi hupiga kambi katika misitu na milima yenye dubu. Zina malengo mawili: kulinda maisha ya watu, na kulinda maisha ya dubu wenyewe, kwa sababu dubu aliyezoea chakula cha binadamu mara nyingi huishia kuuawa.

Siku hizi Afrika haina dubu wa porini. Dubu wa Atlas, aliyeishi katika milima ya Afrika ya Kaskazini, anahesabiwa kuwa alitoweka katika karne ya 19. Neno "dubu" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu.

Ukubwa wa hatari

Mashambulizi ya dubu dhidi ya binadamu ni machache. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872, watu waliouawa na dubu tangu wakati huo hawafiki 10, ilhali waliokufa maji ndani ya hifadhi hiyohiyo wamezidi 100. Waliokufa kwa kuungua katika chemchemi zake za maji moto pia ni wengi kuliko waliouawa na dubu.

Dubu wengi humkwepa mtu wanaposikia sauti yake au kunusa harufu yake. Hatari huongezeka katika hali zifuatazo:
- dubu anaposhtuliwa kwa karibu, hasa kwenye vichaka, kando ya mito yenye kelele au mahali pasipoonekana mbele;
- jike anapokuwa na watoto;
- dubu anapolinda mzoga anaoula;
- dubu anapokuwa amezoea kupata chakula kwa watu.

Hali ya tano ni adimu lakini ni mbaya kuliko zote: dubu anayemfuata mtu kama windo. Dubu hukimbia kwa kasi ya zaidi ya km 50 kwa saa, hivyo hakuna binadamu anayeweza kumshinda mbio.

Kuwatambua dubu

Amerika ya Kaskazini ina spishi tatu za dubu. Dubu mweusi (Ursus americanus) ameenea kuliko wote, kutoka Alaska na Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Dubu kahawia (Ursus arctos), ambaye wale wa bara huitwa grizzly, anapatikana Alaska, magharibi mwa Kanada na katika sehemu chache za Marekani kama Montana na Wyoming. Dubu barafu (Ursus maritimus) anaishi pwani za Aktiki.

Rangi haitoshi kumtambulisha dubu, maana dubu weusi wengine wana manyoya ya kahawia. Alama za kuaminika ni umbo. Dubu kahawia ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kidogo kati ya macho na pua, masikio mafupi ya mviringo na kucha ndefu za mbele. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, masikio yake huonekana makubwa zaidi na kucha zake ni fupi na zimepinda, zinazomfaa kupanda miti. Tofauti hizo ni muhimu kwa sababu namna ya kujiokoa hubadilika kulingana na aina ya dubu.

Historia

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watalii wa hifadhi za Marekani waliwalisha dubu kwa mikono kupitia madirisha ya magari. Huko Yellowstone palikuwa na madampo ya wazi ambako watu walikaa kwenye mabenchi jioni na kuwatazama dubu wakila mabaki ya hoteli.

Mabadiliko makubwa yalifuata usiku wa tarehe 13 Agosti 1967 katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana. Wanawake wawili vijana, waliokuwa wamepiga kambi katika sehemu mbili tofauti zenye umbali wa kilomita kadhaa, waliuawa na dubu kahawia wawili tofauti usiku uleule. Katika sehemu zote mbili dubu walikuwa wamezoea kula takataka au mabaki ya vyakula vya wageni. Baada ya hapo usimamizi wa takataka na chakula ulikazwa, na dampo la mwisho la wazi la Yellowstone lilifungwa mwaka 1970.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, California, tatizo liliendelea kwa muda mrefu zaidi. Dubu wa huko ni weusi pekee, kwani grizzly walikwisha California mwanzoni mwa karne ya 20. Walijifunza kuvunja magari ili wapate chakula, na mwaka 1998 yaliripotiwa matukio zaidi ya 1,500 ya dubu kuharibu mali au kula chakula cha watu. Makasha ya chuma, sheria kali na elimu kwa wageni vilipunguza matukio hayo kwa kiasi kikubwa katika miaka iliyofuata.

Mpangilio wa kambi

Mahali pa kambi huchaguliwa mchana, kabla ya giza. Huepukwa njia za wanyama, kingo za mito yenye samaki, vichaka vyenye matunda, na mahali penye nyayo mpya, kinyesi, miti iliyokwaruzwa au harufu ya mzoga. Kambi iliyoachwa na takataka na watu waliotangulia haifai, hata kama inaonekana nzuri, kwa sababu dubu anaweza kuirudia.

Kambi hugawanywa katika sehemu tatu zinazofanya kama pembetatu: mahali pa kulala, mahali pa kupikia na kulia, na mahali pa kuweka chakula. Mwongozo wa Yellowstone unataka mapishi na chakula viwe umbali wa yadi 100, yaani takriban mita 91, kutoka kwenye mahema. Inafaa jiko liwe upande ambao upepo hautapeleka harufu kwenye hema. Nguo zilizovaliwa wakati wa kupika haziingizwi hemani. Mabaki hayafukiwi wala kutupwa karibu na kambi, kwa kuwa dubu huyafukua. Hufungwa na kurudishwa nyumbani.

Uhifadhi wa chakula

Kwa dubu, "chakula" ni kila kitu chenye harufu. Pamoja na nyama, mkate na matunda, huhesabiwa dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, dawa za kufukuza mbu, chakula cha mbwa, sufuria chafu na takataka. Hata pipi moja mfukoni haipaswi kulala hemani. Njia za kuhifadhi ni hizi:
- Mkebe wa dubu: chombo kigumu cha mviringo chenye mfuniko ambao dubu hawezi kuufungua. Huwekwa chini, mbali na maji na maporomoko ili usiviringishwe ukapotea. Katika maeneo ya pori ya Yosemite ni lazima kuwa nao. Mikebe hujaribiwa kwa kupewa dubu wanaofugwa katika kituo kimoja mjini West Yellowstone, Montana.
- Kuning'iniza: chakula hutiwa katika mfuko na kuvutwa kwa kamba hadi angalau mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita 1 kutoka kwenye shina la mti. Dubu weusi wa baadhi ya maeneo wamejifunza kukata kamba, hivyo njia hii haikubaliwi kila mahali.
- Kasha la chuma: hupatikana katika viwanja vya kambi vinavyofikika kwa gari.
- Uzio mdogo wa umeme unaotumia betri: hutumika hasa Alaska kuzunguka kambi za watafiti na wawindaji.

Spreyi ya dubu

Spreyi ya dubu ni kopo linalotoa wingu la dutu kali ya pilipili, kapsaisini, ambalo humwasha dubu macho na pua na kumtatiza kupumua kwa muda bila kumdhuru moja kwa moja. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza matukio 83 ya Alaska kati ya miaka 1985 na 2006. Spreyi ilizuia tabia ya hatari ya dubu kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na ya dubu weusi katika asilimia 90. Asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo hawakujeruhiwa.

Kopo hubebwa kiunoni au kifuani, si ndani ya shanta, na usiku huwekwa karibu na kichwa. Dubu anayekuja mbio hupuliziwa akiwa umbali wa takriban mita 10 hadi 18, kwa kulenga chini kidogo ya uso wake ili apite ndani ya wingu. Spreyi haipakwi mwilini wala kwenye hema kama dawa ya mbu. Mabaki yake yakikauka yanaweza kumvuta dubu. Hairuhusiwi katika ndege za abiria, na Yosemite imepiga marufuku kuwa nayo.

Kukutana na dubu

Umbali unaotakiwa na kanuni za Yellowstone ni angalau mita 91. Mtu anayemwona dubu ambaye hajamwona hurudi alikotoka kimyakimya. Dubu akiwa amemwona, mtu husimama, husema kwa sauti ya upole ili atambulike kuwa ni binadamu, kisha hurudi nyuma polepole akiwa ametayarisha spreyi. Hatakiwi kukimbia, kupiga mayowe wala kumtupia shanta. Watoto huinuliwa, na kundi hukaa pamoja. Mara nyingi dubu hukimbilia mbele kisha akasimama ghafla au akageuka. Huko ni kutisha tu, na anayekimbia wakati huo anaweza kuamsha shambulio la kweli.

Shambulio likitokea, hatua ni hizi:
- Dubu kahawia anayejihami, kama jike mwenye watoto: mtu hulala kifudifudi bila kujitikisa, shanta ikiwa mgongoni, vidole vikiwa vimefumbatana nyuma ya shingo na miguu imetanuliwa ili asigeuzwe. Hubaki hivyo mpaka dubu aondoke kabisa.
- Dubu mweusi: mtu hapaswi kujifanya amekufa. Hupigana kwa chochote alicho nacho, akilenga uso na pua.
- Dubu yeyote anayemfuata mtu kwa muda mrefu au anayeingia hemani usiku: mtu hupigana kwa nguvu zote, kwa sababu dubu huyo hajihami bali anatafuta chakula.

Dubu barafu

Kambi za Aktiki huhitaji ulinzi zaidi. Katika visiwa vya Svalbard, Norwei, sheria inamtaka kila anayesafiri nje ya makazi awe na vifaa vya kumtisha dubu. Wapiga kambi huzungushia mahema waya unaolipua baruti ya tahadhari unapoguswa, na hukesha kwa zamu. Mwezi Agosti 2020 mtu mmoja aliuawa hemani kwake katika kiwanja cha kambi cha Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo.

Imani zisizo sahihi

Wengi huamini kwamba dubu hawezi kukimbia akiteremka mlima. Anaweza, na kwa kasi. Kupanda mti pia si kimbilio, kwani dubu weusi ni wapandaji hodari na hata dubu kahawia wengine hupanda. Kengele ndogo zinazofungwa kwenye shanta hazisikiki mbali. Kuzungumza na kupiga makofi hufaa zaidi. Baada ya vifo vya mwaka 1967 ilienea dhana kwamba hedhi huvuta dubu, lakini hakuna ushahidi kwamba dubu kahawia au weusi huvutwa nayo kupita kiasi.

Athari kwa dubu

Dubu aliyepata chakula kambini hata mara moja huwa na sababu ya kurudi. Kumhamisha mbali hakusaidii sana, kwa kuwa wengi hurejea walikozoea au huendeleza tabia hiyo kwingine. Akianza kuingia katika mahema au kutisha watu, askari wa hifadhi hulazimika kumuua. Ndiyo maana hifadhi nyingi huwatoza faini wageni wanaoacha chakula ovyo, na huwataka watoe taarifa kila dubu anapofika kambini, hata kama hakuna aliyeumia.