Mlima wa Mlimba

Stesheni ya Mlimba iko katika bonde la Kilombero, kwenye nchi ya mpunga. Treni ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikisimama hapo, wachuuzi hukimbilia madirishani na ndizi na vyakula vya njiani. Mbele yake ni mlima. Hadi Makambako ni takriban kilomita 150, na katika umbali huo reli hupanda zaidi ya mita 1,000, ikipenya mahandaki na kuvuka daraja la Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa mita 50 hivi. Anayetaka kujua kwa nini reli hii ilichoka mapema aanzie hapa.

Ilijengwa kwa haraka, na sababu ilikuwepo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikawa inategemea njia ya adui. Magharibi ikasema mradi haulipi. China ikatoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Ujenzi ulianza 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa. Watu waliiita Reli ya Uhuru.

Pamoja nayo vilikuja vichwa vya treni vya dizeli-haidroliki kutoka China. Ndani ya kichwa cha namna hii injini husukuma mafuta, na mafuta husukuma mapanga ya chuma yanayozungusha magurudumu. Tambarare hakuna shida. Lakini treni nzito ikipanda polepole kwa muda mrefu, nguvu nyingi huishia kuyapasha mafuta moto. Mlima wa Mlimba ukavielemea. Mapema miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya dizeli-umeme vilivyoundwa na Krupp, Ujerumani Magharibi: hapo injini hufua umeme, na umeme huendesha mota za magurudumu. Mlima ukapandika, ila sasa karakana za Dar es Salaam na Mpika zilihitaji vipuri vya mashariki na vya magharibi. Na karakana isiyo na vipuri huishia kuchinja kichwa kimoja ili kingine kitembee.

Fedha nazo zikakauka. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, bandari za kusini zikawa wazi kwa shaba. Malori yakachukua kilichobaki. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kuzifikisha, na mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 90,000. Mzigo ndio hulisha treni ya abiria. Ukipungua, mabehewa hayafanyiwi matengenezo, na kichwa kikizimika porini abiria hukaa wakingoja kingine kitumwe. Mikopo na itifaki mpya zilitiwa saini mara kwa mara. Kwa maoni yangu zilitibu homa, ugonjwa zikauacha.

Mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya ya kisasa, SGR, zilianza kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. TAZARA nayo huanzia jiji hilo hilo, lakini njia yake ina upana mwingine, kwa hiyo kichwa cha SGR hakiwezi kuja kuisaidia. Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4, ukiahidi kukarabati njia na kuleta vichwa vipya 32. Vikifika, navyo vitapimwa na mlima wa Mlimba.