Bonasi na gawio la chai, Kisii na Nyamira

Malipo ya mwaka kwa wakulima wadogo wanaomiliki hisa za viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, vikiwemo Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na Tombe (Nyamira), pamoja na Ogembo, Kiamokama na Nyamache (Kisii).

Bonasi na gawio hutofautiana, ingawa huchanganywa mara nyingi. Bonasi ni malipo ya pili ya majani mabichi: kila mwezi mkulima hupokea sehemu ya thamani ya kilo alizopeleka, na salio hulipwa baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30. Gawio hutokana na hisa. Tangu KTDA ilipobinafsishwa mwaka 2000, viwanda ndivyo wenye hisa wake. Faida ya kampuni tanzu, kama vile TEMEC inayotengeneza mitambo ya chai, na Ketepa, hupitia KTDA kwenda viwandani kabla ya kumfikia mkulima. Njia hiyo ni ndefu, na mkulima ana haki ya kuelezwa kila hatua yake.

Hisa za viwanda haziuzwi katika Soko la Hisa la Nairobi, hivyo utendaji wa kiwanda hupimwa kwa bonasi ya kila kilo. Hapo Wakisii wana malalamiko ya haki: viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa kidogo kuliko vya mashariki, kwa kuwa chai yao hupata bei ndogo katika mnada wa Mombasa. Bei ya chini kabisa ya mnada, dola 2.43 kwa kilo, iliyowekwa Julai 2021, haikuziba pengo hilo.