Tuzo ya Kushika Mkia

Kwa kawaida anayeshika mkia mashindanoni hurudi nyumbani mikono mitupu. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mambo ni kinyume: timu dhaifu hutangulizwa kuchagua wachezaji chipukizi, ili ligi isitawaliwe na timu zilezile. Katika insha hii nitaonyesha kwamba kanuni ya kumwinua mnyonge imewashawishi pia wengine kujifanya wanyonge.

Hadi mwaka 1984, timu mbili za mkiani, moja kutoka kila kanda, zilirushiwa sarafu kuamua ipi ichague kwanza. Houston Rockets ilishinda sarafu hiyo miaka miwili mfululizo, na mwaka 1984 ikampata Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos. Ilishutumiwa kwamba ilikuwa imepoteza mechi kwa makusudi.

Ndipo mwaka 1985 ikaanzishwa bahati nasibu. Timu zote saba zilizokosa mtoano zilipewa nafasi sawa. Hila ilipungua, lakini mnyonge aliumia: Golden State Warriors, mojawapo ya timu mbili za mwisho, iliangukia nafasi ya 7. Kuanzia 1990 walio chini wakaongezewa nafasi. Hata hivyo, mwaka 1993 Orlando Magic ilishinda ikiwa na nafasi 1 tu kati ya 66. Ligi ikaongeza tena uwezekano wa timu ya mwisho, ukafika asilimia 25.

Philadelphia 76ers iliiona faida hiyo. Kuanzia 2013 iliuza wachezaji wake wazuri na kukubali kushindwa. Msimu wa 2015/16 ilishinda mechi 10 tu kati ya 82. Walioumia ni mashabiki waliolipa kiingilio kutazama timu isiyokusudia kushinda. Mwaka 2019 ligi ilipunguza tuzo: timu tatu za mwisho zikapewa asilimia 14 kila moja.

Je, kushika mkia kulilipa? Philadelphia ilimpata Joel Embiid wa Kamerun, chaguo la 3 mwaka 2014, naye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Lakini kombe la mwaka huohuo lilinyakuliwa na Denver Nuggets ya Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka uleule wa 2014. Kwa maoni yangu, kanuni inaweza kumpa mnyonge zamu ya kwanza, lakini haiwezi kumpa jicho la kuchagua.