Tourette: Karne Mbili za Lawama Zisizo Haki

Mwaka 1825 daktari Mfaransa Jean Itard aliandika habari za mwanamke wa ukoo wa mabwanyenye, Marquise de Dampierre. Mikono ilianza kumshtuka akiwa na miaka 7, ikafuata shingo na uso, hatimaye sauti. Atazungumza na wageni kwa adabu zote, mara tusi linamchomoka. Kadiri alivyoliogopa neno, ndivyo lilivyozidi kumjia ulimini.

Mwaka 1885 Georges Gilles de la Tourette, mwanafunzi wa daktari Charcot katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, alieleza habari za wagonjwa 9, bibi huyo akiwamo. Aliamini ugonjwa huu, ambao leo unabeba jina lake, ni wa kurithi. Laiti madaktari wangemsikiliza! Mwaka 1921 Sándor Ferenczi, mfuasi wa mtaalamu wa nafsi Freud, aliihusisha mishtuko hiyo na punyeto, na kwa miongo kadhaa chanzo kikatafutwa katika tamaa zilizofichwa na malezi. Naona huo ulikuwa ukatili: mtoto anateseka, na mama yake anabebeshwa hatia.

Dawa ndiyo iliyovunja imani hiyo. Mwaka 1968 Arthur na Elaine Shapiro wa New York walieleza jinsi haloperidoli ilivyotuliza mishtuko ya mwanamke kijana. Dawa hiyo huzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni. Basi kasoro ilikuwa ubongoni, si katika tabia. Mwaka 1972 wazazi wa watoto wenye Tourette nchini Marekani wakaunda chama chao.

Leo tunajua kwamba jeni nyingi huchangia ugonjwa huu, na kwamba mawasiliano kati ya gamba la ubongo na sehemu zake za ndani huenda mrama. Wavulana huupata zaidi kuliko wasichana. Matusi, ambayo watu huyakumbuka kuliko yote, huwatoka wachache tu.

Haloperidoli husinzisha na kukaza misuli, kwa hiyo wengi huanza na mafunzo. Kabla shingo haijaruka, mtoto huhisi kitu kama mwasho. Hufundishwa kuutambua, kisha kuinamisha kidevu kidogo na kupumua taratibu mpaka upite. Utafiti wa mwaka 2010 nchini Marekani, uliohusisha watoto 126, ulithibitisha kwamba njia hiyo inasaidia. Wengi hupata nafuu wakikaribia utu uzima.

Mwalimu, mtoto akipepesa macho mfululizo au akiguna darasani, weka fimbo chini. Mwite mzazi wake, mshauriane kumpeleka kwa daktari.