Nyeusi ya macho na nyeusi ya jua



Tangu wiki mbili mjadala wetu ni mmoja: pesa za likelemba zinunue printa gani kwa kutengeneza filmu za serigrafi? Kundi moja linasema leza, juu iko ndani ya kila ofisi na kila mtu anaijua. Lingine linataka ile ya wino, kwa sababu inatoa picha nzuri. Na kuko wanaoniuliza: wewe agronome, serigrafi inakuhusu nini? Inanihusu sana. Kahawa yetu na unga wetu vinatoka kijijini ndani ya magunia bila jina, halafu mchuuzi anaweka jina lake juu. Mwenye kuchapa jina njo mwenye soko. Basi mbele ya kulipa, tuangalie historia kidogo, juu swali letu si jipya.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kitambaa chenye matundu madogo sana kinavutwa juu ya fremu na kupakwa emulsio, yaani dawa inayokuwa ngumu ikipigwa na mwangaza. Ikisha kukauka gizani, tunalaza filmu juu yake: plastiki angavu yenye mchoro mweusi. Mahali mwangaza unapita, dawa inakuwa ngumu. Chini ya nyeusi inabaki laini, inatoka na maji, na rangi itapitia hapo. Filmu haina kazi nyingine: inazuia mwangaza.

Zamani filmu haikuwako. Wajapani walikata michoro kwa kisu ndani ya karatasi iliyotoka ku maganda ya mti wa jamii ya mforsadi, wakaipaka maji ya tunda la kaki ili isilegee ikilowana. Vipande vidogo vya mchoro vilishikiliwa na nyuzi za hariri. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, kule Uingereza, akapata hati ya uvumbuzi kwa kutumia kitambaa cha hariri chenyewe kubeba mchoro. Lakini kisu kilikuwa bado njo bwana.

Mwangaza uliingia kwa njia ya kemia. Mwaka 1839 Mungo Ponton, mtu wa Scotland, aliona kwamba karatasi iliyolowekwa ndani ya dikromati ya potasiamu inabadilika ikiwekwa juani. Mwaka 1852 William Henry Fox Talbot akaandikisha uvumbuzi wake: jelatini iliyochanganywa na chumvi hiyo haiyeyuki tena ikipigwa na mwangaza. Miaka ya 1910 wachapaji kadhaa wakaileta ndani ya serigrafi. Wenzangu wa agronomi, hiyo chumvi tunaijua! Ni ile ya rangi ya chungwa tunayopimia kaboni ya udongo kwa njia ya Walkley na Black. Ni sumu, na inaleta kansa. Heri emulsio za leo zinafanya kazi bila hiyo.

Sasa mfike hapa pole pole, maana njo kiini cha mambo. Baada ya hapo wachapaji wengi walitumia Rubylith ya kampuni ya Ulano: plastiki angavu yenye ngozi nyembamba nyekundu juu, inayokatwa na kubanduliwa kwa kisu. Hata michoro ya mikroprosesa ya kwanza ya Intel, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikatwa juu ya Rubylith. Nyekundu ile unaweza kuona kitu nyuma yake! Lakini emulsio inasikia zaidi mwangaza wa buluu na ultravioleti, na nyekundu inavizuia vyote viwili. Kwa macho ni dirisha, kwa emulsio ni ukuta. Kinyume chake kiko pia: wino unaoonekana mweusi kabisa unaweza kuachia ultravioleti ipite. Kwa hiyo anayechagua printa kwa kuangalia uzuri wa karatasi anapima kitu ambacho emulsio haikioni.

Mashine zenyewe zilikuja kwa haraka. Gary Starkweather alitengeneza printa ya leza ya kwanza ku Xerox mwaka 1971. Mwaka 1985 LaserWriter ya Apple ilikuja na lugha ya PostScript, na vidoti 300 kwa kila inchi, ikaweza yenyewe kugawanya picha kuwa nukta za kuchapia. Mwaka 1993 Epson walileta kichwa chao cha Micro Piezo, kinachosukuma wino bila kuuchemsha. Mwaka 2010 wakaanza kuuza, kule Indonesia, printa zenye tanki la kujaza wino kwa chupa. Hiyo ya mwisho njo ilifungua mlango kwa watu wa mfuko mdogo kama sisi.

Tulinganishe basi. Wapimaji wanahesabu unene wa nyeusi hivi: 2 maana yake sehemu 1 kwa 100 ya mwangaza inapita, 3 ni 1 kwa 1.000, 4 ni 1 kwa 10.000. Tunatafuta 3 na zaidi. Tona ya leza mara mingi inaacha vitundu vidogo, na watu wanalazimika kubandika filmu mbili, moja juu ya ingine. Tena leza inayeyusha tona kwa moto, plastiki inajivuta kidogo, na ukichapa rangi mbili hazikutani. Inakula pia wati mamia ikipasha moto. Betri zetu za sola zitalia. Ile ya wino inatosheka na wati makumi tu na haipashi filmu moto. Lakini iko na masharti: filmu yenye ngozi ya kunywa wino, programu ya kuongeza wino na kupanga nukta, na kuchapa kitu kila wiki ili kichwa kisikauke.

Mimi nachagua ya wino yenye tanki, ukubwa wa A3, juu gunia halienei ndani ya A4. Lakini msiniamini, mujaribu. Muuzaji achape mraba mweusi juu ya filmu, kwa wino tutakaotumia kweli. Tulaze mraba huo juu ya emulsio iliyokauka, pembeni tuweke sarafu, tufunike na kioo, tutoe juani kwa muda ule unaogumisha dawa sawasawa, kisha tuoshe. Sarafu haipitishi kitu. Kama chini ya mraba dawa inatoka upesi sawa na chini ya sarafu, printa hiyo inafaa. Kama inang'ang'ania, turudishe pesa mfukoni, hata kama picha zake zinapendeza namna gani.

Jaribio hilo ni la nusu siku. Pesa za likelemba ni jasho la mwaka muzima la watu wengi, na wengi wao bado wanatafuta kazi. Naomba tufanye jaribio mbele ya mkutano wa kupiga kura, na kila mtu aone fremu kwa macho yake.